"To" si "ku-": Tahakiki ya Kitenzijina cha Kiingereza kama Kipimo cha Sentensi ya Kiswahili

Ikisiri
Makala haya yanahakiki mazoea ya kulinganisha moja kwa moja kitenzi cha Kiingereza kinachotanguliwa na to na kitenzijina cha Kiswahili chenye ku-. Mazoea hayo yamo katika ufundishaji, katika tafsiri na katika uhariri. Inadaiwa kwamba to ni neno huru la kisintaksia, ilhali ku- ni kiambishi cha ngeli, na kwamba tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini tungo zinazofanana kwa sura huachana zinapopimwa. Uzito umewekwa kwenye sentensi za aina ya Rais amewataka wananchi kudumisha amani, ambazo mara nyingi hulaumiwa kuwa ni Kiingereza kilichovishwa kanzu.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayeanza kusoma sintaksia hukutana mapema na fundisho fupi: to go ni kwenda, to read ni kusoma. Fundisho hilo lina manufaa yake darasani, na hakuna haja ya kulibeza. Tatizo huanza pale linapopanda cheo, likaacha kuwa msaada wa kukumbuka maana ya neno na kuwa dai kuhusu muundo wa sentensi. Hapo ndipo tasnifu hujazwa majedwali yenye safu mbili, upande mmoja to na upande wa pili ku-, na kila pengo linalobaki katika safu ya Kiswahili huitwa upungufu, hali ya kipekee, au athari ya lugha mama.

Asili ya mazoea haya haijifichi. Sarufi za awali za Kiswahili, kuanzia ile ya Krapf ya 1850 na ya Steere ya 1870, ziliandikwa na watu waliolelewa katika sarufi za Ulaya na kwa ajili ya wasomaji waliolelewa hivyohivyo. Ashton (1944) alipiga hatua kubwa kwa kusisitiza kwamba umbo la ku- lina pande mbili, upande wa kitenzi na upande wa nomino, na kwa kuliweka miongoni mwa ngeli. Hata hivyo, istilahi iliyobaki midomoni ni ile ya Kilatini iliyopitia Kiingereza, na istilahi huja na mizigo yake. Jambo la kushangaza kidogo ni kwamba Kiingereza chenyewe kilikwishaumizwa na kanuni zisizotokana na matumizi yake, kama inavyoonekana katika sehemu inayofuata.

2.0 Hali ya to katika Kiingereza

Kiingereza cha Kale kilikuwa na kitenzijina kilichotambulishwa kwa kiambishi tamati: singan, 'kuimba'. Kando yake palikuwa na umbo la pili, tō singenne, ambamo tō ilikuwa kihusishi halisi chenye maana ya kuelekea, na kitenzi kikachukua tamati ya kinomino iliyodaiwa na kihusishi hicho. Viambishi tamati vilipomomonyoka katika Kiingereza cha Kati, kihusishi kilibaki peke yake kikiwa alama ya umbo zima, na maana yake ya mwelekeo ikafifia. Kwa hiyo to ya leo ni kihusishi kilichopoteza kazi yake ya zamani na kupata mpya, lakini bila kuacha kuwa neno.

Wanasarufi wa karne ya 19 hawakuliona hivyo. Walioandika kanuni za Kiingereza fasaha, miongoni mwao Henry Alford katika miaka ya 1860, walikataza kuweka kielezi kati ya to na kitenzi. Wasemaji waliendelea kuweka vielezi hapo kama walivyopenda. Kufikia 1926 Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza, aliweza kuwapanga Waingereza katika makundi matano kwa kutazama tu namna wanavyolihofia au wasivyolijua katazo hilo, na kejeli yake iliwaelekea zaidi wale waliolihofia. Katazo hilo mara nyingi hudaiwa kuwa lilitokana na kupima Kiingereza kwa kipimo cha Kilatini, ingawa dai hilo halina ushahidi wa kutosha. Anayesoma historia hiyo kwa jicho la Kiswahili ana sababu ya kuwa na tahadhari.

Ushahidi kwamba to ni neno huru ni mwingi. Kwanza, yaweza kusimama mwishoni mwa sentensi baada ya kitenzi kuachwa: I don't want to. Kiswahili hakina *Sitaki ku-. Msemaji husema Sitaki, au hurudia kitenzi chote. Pili, to moja yaweza kuhudumia vitenzi viwili: to read and write. Kiswahili hudai kusoma na kuandika, wala *kusoma na andika haikubaliki. Tatu, kielezi huingia kati bila taabu, jambo lisilowezekana kwa ku-, ambayo baada yake huruhusiwa viambishi tu: cha ukanushi, kama katika kutosoma, na cha yambwa, kama katika kumsomea. Ushahidi wa aina hii, hasa huo wa kwanza, ndio uliomfanya Pullum (1982) adai kwamba to iwekwe katika kundi la vitenzi visaidizi. Katika sarufi aliyoihariri pamoja na Huddleston (2002) msimamo umebadilika, na to inachukuliwa kuwa alama inayotambulisha kirai tenzi tegemezi. Chomsky (1981) aliiweka mahali pa njeo, njeo ambayo haina wakati maalumu. Wataalamu hawa hawaafikiani kuhusu kikapu cha kuitia, lakini hakuna hata mmoja anayeiona kuwa kiambishi.

3.0 Hali ya ku- katika Kiswahili

Ku- huleta upatanisho. Kusoma kwake kumemfikisha mbali ni sentensi ambayo kiima chake kinatawala kivumishi cha kumiliki na kitenzi kwa pamoja, kama inavyofanya nomino yoyote ya ngeli nyingine. Kiingereza hakiwezi kusema *his to read. Lazima kigeukie umbo la -ing. Kazi ambazo Kiingereza kimezigawa kati ya maumbo mawili, Kiswahili kimezikusanya katika moja, na pale Kiingereza kinapotofautisha maana kwa kubadili umbo la kitenzi tegemezi, Kiswahili hubadili kitenzi kikuu au aina ya kishazi. He stopped smoking ni Aliacha kuvuta sigara. He stopped to smoke ni Alisimama ili avute sigara.

Kuna matumizi mengine ya ku- ambayo safu mbili za jedwali haziwezi kuyabeba kabisa. Katika Waliingia na kuketi, kitenzi cha pili hakina kiima wala njeo, na bado kinasomeka kuwa na vyote viwili, kwa kukopa kutoka kitenzi kilichotangulia. Ukisema Wataingia na kuketi, wakati wa kuketi nao unahamia mbele. Tafsiri ya neno kwa neno, *They entered and to sit, si sentensi. Huu ni uwezo ambao to haijawahi kuwa nao, na ni ajabu kwamba vitabu vingi huutaja katika mstari mmoja tu.

Ipo pia historia ya kuzingatiwa. Kiambishi -to- cha ukanushi huhusishwa na kitenzi -toa, ndiyo maana ku- ya pili hujitokeza katika kutokujua na kutokuwepo. Viunganishi viwili vinavyotumika zaidi kuanzisha kishazi cha ujalizo, kuwa na kwamba, navyo ni vitenzijina vilivyoganda: cha kwanza ni cha kitenzi kishirikishi, cha pili ni cha kitenzi -amba, yaani -sema, ambacho leo hakisikiki peke yake katika Kiswahili sanifu. Katika Asha anaamini kuwa Juma ni mwaminifu, anayetafsiri kuwa kama to be atapata sentensi yenye vitenzi vishirikishi viwili na asijue kimoja cha kukifanyia nini.

4.0 Kiima kilichofichika

Swali kubwa katika uchanganuzi wa sentensi zenye to ni la nani anayetenda tendo ambalo kiima chake hakikutajwa. Rosenbaum (1967) alilijadili kwa mapana ndani ya sarufi geuza maumbo zalishi, na tangu hapo kila nadharia imelazimika kulijibu. Sentensi mbili zinaweza kufanana neno kwa neno na kuachana ndani. Katika Juma is eager to help, Juma ndiye atakayesaidia. Katika Juma is easy to help, Juma ndiye atakayesaidiwa. Kiingereza hakitoi dalili yoyote katika umbo la kitenzi, na ndiyo maana mifano ya aina hii ilitumika sana kuthibitisha kwamba muundo wa nje hautoshi.

Kiswahili hakifichi. Juma ana hamu ya kusaidia, lakini Juma ni rahisi kumsaidia. Kiambishi -m- kinaweka wazi kwamba Juma ni yambwa ya kitenzi tegemezi. Iwapo kivumishi kitakuwa kile kinachopokea upatanisho, dalili huongezeka:

(1) a. Ni vigumu kuufungua mlango huu.
b. Mlango huu ni mgumu kuufungua.

Katika (1a) kinachosemwa kuwa kigumu ni tendo, na kivumishi huchukua vi- isiyorejelea nomino yoyote. Katika (1b) mlango umekuwa kiima cha sentensi kuu na kivumishi kimeufuata, huku kiambishi -u- kikibaki ndani ya kitenzi tegemezi kuonyesha mahali ulipotoka. Mchanganuzi wa Kiingereza hulazimika kuthibitisha uhamisho huo kwa hoja ndefu. Mchanganuzi wa Kiswahili anao mkononi, umeandikwa katika viambishi. Anayeanza na to na kutafuta mwangwi wake katika ku- hataona jambo hili, kwa sababu macho yake yamo kwenye silabi ya kwanza ya kitenzi, na habari imo katika ya pili.

Hali haiwi nyepesi kila mahali. Someone to help ya Kiingereza ina maana mbili: mtu atakayesaidia na mtu atakayesaidiwa. Kiswahili huunganisha nomino na kitenzijina kwa -a ya uhusiano, na mtu wa kusaidia huelekea zaidi kwa mtendaji. Lakini Anatafuta mtu wa kumsaidia nayo ina utata, kwani -m- yaweza kumrejelea anayetafuta au anayetafutwa. Kiswahili kimeondoa utata mmoja na kuzaa mwingine.

Vitenzi vya kuonekana navyo vina lao. Juma seems to be tired hupata tafsiri tatu: Inaonekana Juma amechoka, Juma anaonekana kuchoka, na Juma anaonekana amechoka. Ile ya tatu, ambayo pengine ndiyo inayosikika zaidi katika mazungumzo, ina vitenzi viwili vyenye kiambishi cha kiima na njeo, na kiima kimoja kinavihudumia vyote. Kiingereza hakikubali *Juma seems is tired. Carstens na Diercks (2013) wamejadili miundo ya namna hii kwa data ya Kibukusu na Kisamia, na kuonyesha kwamba kanuni iliyodhaniwa kuwa ya lugha zote, ya kwamba kiima hakihami kutoka kishazi chenye njeo, haizifungi lugha hizo za Kibantu. Jedwali la to na ku- lingeichukua sentensi ya pili kuwa ndiyo tafsiri sahihi na kuitupa ya tatu nje.

5.0 Kesi ya "amewataka kudumisha"

Kwa muda mrefu wahariri wa Kiswahili wamekuwa wakisahihisha sentensi za aina ya (2a) ziwe kama (2b):

(2) a. Rais amewataka wananchi kudumisha amani.
b. Rais amewataka wananchi wadumishe amani.

Hoja yao ni kwamba (2a) ni tafsiri sisisi ya muundo wa want somebody to do something. Kanuni wanayoitegemea hufundishwa hivi: vitenzi viwili vikiwa na mtendaji mmoja, cha pili huwa na ku-, kama katika Nataka kuondoka, watendaji wakiwa wawili, cha pili huchukua kiambishi cha kiima na kiishio -e, kama katika Nataka Juma aondoke. Sentensi *Nataka Juma kuondoka haikubaliki, na hakuna anayebisha.

Kanuni hiyo ni ya kweli kwa mfano uliotumika kuifundisha, lakini ni finyu. Katika Nilimsaidia Asha kupika, Walimfundisha kuogelea na Askari alimzuia kuingia, mtendaji wa kitenzi cha pili si kiima cha kitenzi cha kwanza, na ku- imekaa vizuri bila kulaumiwa na mhariri yeyote. Kinachozifanana sentensi hizi ni kwamba mtendaji wa kitenzi tegemezi ni yambwa ya kitenzi kikuu, naye ametajwa ndani ya kitenzi hicho kwa kiambishi. Kitenzijina cha Kiswahili hakiwezi kuwa na kiima chake chenyewe, isipokuwa kwa njia ya umilikishi, kuondoka kwa Juma. Lakini chaweza kudhibitiwa na yambwa iliyo juu yake.

Swali basi ni kama wananchi katika (2a) ni yambwa ya -taka au ni kiima cha kudumisha. Katika Kiingereza, jibu kuhusu want linajulikana. Husemwa What Asha wants is for Juma to leave, na Juma hubaki upande wa kitenzi tegemezi. Husemwa pia Asha wants the gate to be opened, na lango halitakiwi lolote na mtu. Kinachotakiwa ni tukio zima. Tena want haikubali kutendwa: *Juma is wanted to leave si Kiingereza.

Kiswahili hutoa majibu yaliyo kinyume katika kila kipimo. Umbo la kutendwa si kwamba linakubalika tu, bali ndilo linalopendwa na vichwa vya habari: Wananchi watakiwa kudumisha amani. Kiambishi cha yambwa nacho ni cha lazima. *Rais anataka wananchi kudumisha amani ina kasoro ileile ya *Nataka Juma kuondoka. La kupima zaidi ni nomino zisizoweza kuambiwa kitu. Rais ameitaka serikali ya mkoa kuchukua hatua ni sentensi ya kawaida, kwa sababu serikali husikia, walau kisarufi. Rais ameitaka mvua kunyesha huchekesha, na huchekesha kwa sababu msikilizaji analazimika kumfikiria rais akiiamuru mvua. Kwa maana ya kutamani tu, Kiswahili husema Anataka mvua inyeshe. Kwa hiyo pana -taka mbili. Moja hueleza tamaa na hudai kishazi kizima chenye -e. Nyingine hueleza agizo, ina mwagizwa aliye yambwa yake, na imo katika jamii moja na -lazimisha, -ruhusu na -zuia. Jamii hiyo hupokea ku- kwa haki yake.

Mtetezi wa wahariri anaweza kurudi na hoja iliyo bora kuliko ya kwanza: kwamba kielelezo kilichoigwa si want bali ni urge au ask, vitenzi ambavyo katika Kiingereza vina yambwa na hukubali kutendwa. Hoja hii haipingiki kwa vipimo vya hapo juu, na inawezekana kabisa kwamba tafsiri ya habari za mashirika ya nje imeongeza wingi wa sentensi hizi. Ila wingi wa matumizi ni jambo moja, na uhalali wa muundo ni jambo jingine. Mlango ambao sentensi hizi zimepitia ulikuwa wazi, kwa kuwa -saidia na -fundisha ziliupitia bila kuhitaji shirika la habari. Kuifuta (2a) kwa kalamu nyekundu kama kosa la sarufi ni kumfundisha mwandishi kanuni ambayo lugha yake haina, kama Alford alivyowafundisha Waingereza.

Hayo hayamaanishi kwamba athari ya Kiingereza ni ya kubuni. Ipo, na hukaa mahali ambapo mhariri hatazami. Asha woke up to find the door open haina nia yoyote ndani yake; Asha hakuamka kwa ajili ya kuukuta mlango wazi. Kiswahili kina Asha alipoamka aliukuta mlango wazi. Sentensi Asha aliamka kukuta mlango wazi, ambayo hujitokeza katika hadithi zilizotafsiriwa kwa haraka, humpa Asha kusudi ambalo hakuwa nalo, kwa sababu ku- inayofuata kitenzi cha mwendo au badiliko la hali husomeka kwanza kuwa ya kusudi, kama katika Alikwenda kununua. Hapo kalamu nyekundu ina kazi.

Kitenzi kinachosumbua zaidi ni -ambia. Wengi huikataa *Alimwambia kuondoka na kudai Alimwambia aondoke, ilhali Aliambiwa kuondoka huwapita bila kushtua. Kama -ambia ingekuwa tu ndugu wa -taka ya agizo, maumbo yote mawili yangekubalika sawa. Kama ingekuwa nje ya jamii hiyo, yote mawili yangekataliwa. Inawezekana kwamba katika umbo la kutendwa mwambiwa amekuwa kiima, na kwa hiyo kitenzijina kimepata mdhibiti aliye karibu na anayefanana na yule wa Nataka kuondoka. Inawezekana pia kwamba vichwa vya habari, kwa kubana maneno, vimelizoeza sikio umbo la kutendwa kabla ya lile la kutenda. Vipimo vya mvua na lango havisaidii hapa, kwa kuwa -ambia hudai msikilizaji katika kila hali. Kinachohitajika ni kongoo la maandishi ya kabla ya magazeti ya sasa, barua na tenzi za mwambao zikiwemo, lisomwe kwa kutazama kinachofuata -ambia, -agiza na -amuru, kitenzi kwa kitenzi, katika kutenda na katika kutendwa.